Sauti ya Kwanza katika Faili la Nuriati

Sogeeni karibu, na mwenye simu aizime, maana sirudii. Leo sina sungura wala fisi. Nina msichana mmoja na watu wazima watatu, na nina swali ambalo limenishinda. Nimeshalipeleka harusini, nikalipeleka kwenye foleni ya kliniki, na kote nilikolipeleka watu wamenuniana. Sasa ni zamu yenu.

Hao watu watatu kila mmoja alijaliwa kipaji chake. Wa kwanza ni Mwalimu Kisanji, na kipaji chake ni kuuliza. Mwalimu huyu hajui kujibu. Ukimuuliza saa ngapi, atakuuliza unachelewa wapi. Wa pili ni Mjomba Hatibu, muuza asali, na kipaji chake ni kuingia. Hakuna geti lililowahi kumzuia. Aliishia darasa la nne, lakini walinzi humpokea ndoo, makatibu wa ofisi humpa kiti, na kabla chai haijapoa ameshajua nani ana mgogoro na nani. Wa tatu ni Shangazi Mwasiti, karani wa mahakama ya mwanzo kwa miaka ishirini na miwili, na kipaji chake ni kusoma maandishi madogo. Yeye dawa ya mafua hainywi mpaka amalize karatasi yote iliyokunjwa ndani ya boksi.

Na msichana ni Nuriati binti Swalehe, wa Kondoa, wa miaka kumi na minane. Alikuwa amemaliza kidato cha sita, matokeo yake mazuri, na alitaka kitu kimoja tu duniani: kusoma historia chuo kikuu.

Baba yake, Swalehe Ijengo, mwenye mashine ya kukamua alizeti, alitaka asome sheria. Msimchukie. Aliwahi kunyang'anywa kiwanja mchana kweupe, na tangu siku hiyo anaamini kila ukoo unahitaji mwanasheria wake. Lakini binti alikuwa amemshikilia wiki nzima, hali vizuri, hacheki, mpaka mzee akalegea. Akampa masharti.

"Vyuo vitatu," alimwambia. "Na dirisha la kwanza la maombi tu. Ukichaguliwa historia, mimi mwenyewe nitakubebea begi mpaka stendi. Usipochaguliwa, dirisha la pili ni langu, na mimi najaza sheria. Tumeelewana, mama?"

"Tumeelewana, baba."

Basi hapo ndipo mambo yanapoanza. Vyuo vitatu, dirisha moja. Akikosea kuchagua, historia imekwenda na hairudi.

Na alianza kwa kukosea. Mnajua alivyochagua? Alikwenda sokoni na orodha ya vyuo sita, akawa anawatajia watu majina. Chuo ambacho watu walipokisikia walivuta pumzi na kusema "Ohoo," alikiwekea alama. Kilichopata "Ohoo" nyingi kikawa cha kwanza. Chuo kimoja, Kilimahewa, alipokitaja kwa mama muuza nyanya, mama yule alimuuliza hicho ni chuo au zahanati. Nuriati akakikata kwa kalamu palepale, mistari miwili. Msimcheke sana, kuna wazazi humu wamechagulia watoto wao shule kwa njia hiyohiyo.

Akaipeleka orodha yake kwa Mwalimu Kisanji, aliyemfundisha historia miaka miwili. Alitaka amsifu. Mwalimu akaitazama ile karatasi, akaiweka kando, akaomba aone kauntabuku lake.

Hilo kauntabuku lilikuwa siri yao wawili. Tangu kidato cha tatu Nuriati alikuwa akikaa na bibi yake mzaa baba, akiandika habari za mwaka wa njaa, mwaka ambao watu wa upande wao walikula mizizi, na wanawake wakatembea siku nne kutafuta mbegu. Kurasa themanini, mwandiko wa kubana. Mwalimu alikuwa ameshalisoma mara mbili na hakuwahi kulitia alama. Siku ile alilifungua tena, akasoma kidogo, akamuuliza swali moja.

"Nuriati, unataka kusoma historia ya nani?"

Nuriati akajibu haraka, ya Afrika. Mwalimu akauliza ya nani katika Afrika. Akajibu, ya Tanzania. Mwalimu akauliza ya nani katika Tanzania. Msichana machozi yakamlengalenga, maana alikuja kusifiwa na sasa alikuwa kama yuko kwenye mtihani. Mwalimu hakumbembeleza. Alimwambia arudi atakapojua.

Alikaa siku tatu. Siku ya nne alirudi, akamkuta mwalimu anamwagilia mchicha, na hata hakukaa.

"Shikamoo mwalimu. Nataka historia ya watu ambao hawakuandika."

"Marahaba," alisema Mwalimu Kisanji, na wanaomfahamu wanasema ndiyo mara ya pekee alipoonekana karibu kucheka. Halafu akauliza tena, kwa sababu ndivyo alivyo: kati ya vyuo vyote hivi, ni kipi kinaifundisha hiyo?

Nuriati hakujua. Mwalimu naye hakujua. Mimi nampenda mwalimu yule kwa hilo, kwamba swali lake moja liliangusha orodha nzima ya sokoni, na alipofika asipopajua hakujifanya anapajua.

Sasa aliyekuwepo nyumbani Nuriati aliporudi na huzuni yake alikuwa Mjomba Hatibu, ndugu wa mama yake, amekuja kuchukua ndoo za asali. Akamuuliza mpwa wake kulikoni. Akaelezwa. Hatibu hakuelewa vizuri tofauti ya historia moja na nyingine, lakini alielewa kwamba kuna jambo la kwenda kuangalia kwa macho, na hilo ndilo analoliweza.

"Mjomba, mimi asali yangu inakwenda miji hiyo yote," alimwambia, maana hao wawili huitana mjomba. "Ngoja niingie nikuonee."

Akaondoka na ndoo zake kwa siku tisa. Kwenye chuo cha kwanza, kile chenye "Ohoo" nyingi kuliko vyote, alipita getini akisalimiana na walinzi kwa majina, akawatafuta wanafunzi wa historia mpaka akawapata kantini. Akawaonjesha asali. Akawauliza jana walifanya nini. Wakamwambia jana walinakili notisi. Akawauliza juzi. Juzi pia walinakili notisi. Akawauliza kama wamewahi kumuuliza mtu mzima habari za zamani, wakacheka.

Chuo cha pili, chenye maghorofa ya vioo, alikuta mlango wa idara ya historia umefungwa kwa kufuli. Akaenda kwa mama mfagiaji, akamsaidia kubeba maji, akaambiwa kufuli lile lina miaka halijafunguliwa.

Kilimahewa alipita kwa sababu kilikuwa njiani tu. Kumbukeni kilikuwa kimeshakatwa mistari miwili. Majengo ni ya chini, bati limepauka, na kibao cha getini kimefifia. Lakini Hatibu alipokaribia darasa moja alisikia kikongwe anasimulia, na vijana kimya kabisa. Akachungulia. Kikongwe hayumo. Sauti ilikuwa inatoka kwenye kinasa sauti, na wanafunzi thelathini wanaisikiliza na kuandika, wengine wamefumba macho. Ukutani kulikuwa na makabati mpaka juu, na kila kabati lina mamia ya sauti za watu, kila sauti na jina la mwenyewe. Alisimama dirishani mpaka mwisho. Mhadhiri akamwona, akamwita ndani, na badala ya kumuuliza anatafuta nini akamuuliza jina la babu yake.

Hatibu alirudi Kondoa bila kusubiri hata kuuza ndoo ya mwisho. Alimwambia Nuriati, "Mjomba, wale wengine wana majengo. Pale wanamsikiliza mtu."

Nuriati akakirudisha Kilimahewa kwenye orodha, akakiweka cha kwanza, na vile viwili vya "Ohoo" akavibakiza nyuma yake kwa tahadhari. Mtu aliyeishia darasa la nne alikwenda kukagua vyuo vikuu vitatu, na ripoti yake nisingeibadilisha na ya profesa yeyote.

Sasa mngedhani kazi imekwisha. Nuriati naye alidhani hivyo. Siku kumi na mbili kabla ya dirisha kufungwa alikwenda kwa Shangazi Mwasiti, dada wa baba yake, kwa sababu nyumba ya shangazi ndiyo yenye mtandao usiokatika. Alitaka ajaze fomu, abonyeze, aondoke. Shangazi akamwambia hakuna karatasi itakayotoka nyumbani kwake haijasomwa. Akavaa miwani, akaufungua mwongozo wa udahili wa Kilimahewa, akaanza ukurasa wa kwanza, kwa sauti, kama anavyosomea watu hati za mashtaka. Nuriati alikaa akitikisa mguu. Ukurasa wa arobaini na moja, chini kabisa, kulikuwa na nyota ndogo iliyochapwa kwa wino hafifu. Shangazi akaifuata ile nyota mpaka mwisho wa kitabu.

Pale paliandikwa kwamba anayeomba historia lazima aambatanishe masimulizi aliyoyakusanya mwenyewe, yenye jina kamili la msimuliaji na idhini yake. Asiyefanya hivyo, maombi yake hayatasomwa.

Nuriati akaruka kwa furaha, maana kauntabuku si analo. Shangazi akalichukua, akalipekua, akalisoma kurasa kumi, na uso wake ukabadilika.

"Mwanangu, hawa watu ni akina nani?"

Kwani ilikuwaje? Kurasa themanini zile ziliandikwa bibi alisema, mama mkubwa alisema, babu wa kule juu alisema. Hakukuwa na jina hata moja. Na si uzembe. Nyumbani kwao mtoto hatamki jina la mkubwa wake, ni utovu wa adabu, na Nuriati alikuwa mtoto mwenye adabu. Hata bibi aliyemlea, aliyekula naye sahani moja, Nuriati hakujua anaitwa nani. Watu wote humwita Mama Swalehe. Hata kwenye kadi ya kliniki wameandika Mama Swalehe.

Kwenye karatasi, basi, wale wanawake waliotembea siku nne kutafuta mbegu hawakuwa mtu yeyote. Nuriati aliona hilo na aibu ikamwingia mpaka mifupani. Alitaka kuandika historia ya wasioandika, na yeye mwenyewe alikuwa amewafuta majina kwa heshima.

Shangazi hakupoteza muda kumlaumu. Mahakamani kila ushahidi huanza na jina, na yeye ameuliza majina kwa miaka ishirini na miwili, ya wezi na ya masheikh. Akachukua kidau cha wino cha kuwekea dole gumba, wakaenda wote wawili. Mbele ya mama yake mzazi akakaa mkekani, akashusha sauti, akaomba radhi kwanza. Kisha akamuuliza jina lake kamili, kwa ajili ya kumbukumbu, kama anavyomuuliza shahidi.

"Naitwa Mwantumu binti Kidee," bibi alisema. "Sijaulizwa siku nyingi." Halafu akanyoosha dole gumba kabla hajaombwa.

Walizunguka nyumba saba kwa siku nne. Kila msimuliaji aliye hai akataja jina lake na akaweka dole. Waliokufa, majina yao yalitajwa na watoto wao. Siku mbili kabla ya dirisha kufungwa, Nuriati akatuma.

Majibu yakaja. Chuo cha "Ohoo" hakikumchukua. Chuo cha vioo kilimchukua, lakini kikampangia utalii. Kilimahewa kikamwandikia kwamba amechaguliwa historia, na kwamba zaidi ya nusu ya maombi ya mwaka ule hayakusomwa kwa sababu watu hawakuiona nyota. Baba yake aliusoma ujumbe ule kwenye simu, akamrudishia, akaiomba tena akausoma upya. Hakusema neno la sheria. Alizima mashine ya alizeti mchana wa siku ya soko, jambo ambalo hata msiba haukuwahi kulifanya, akaenda dukani kununua begi.

Hapo ningeweza kusimama na nyote mkapiga makofi. Lakini barua ya kujiunga ilikuwa na ukurasa wa pili, na Shangazi Mwasiti, kama mnavyomjua, aliusoma.

Uliandikwa hivi: kila mwanafunzi mpya wa historia aje na mtu mmoja, yule ambaye bila yeye asingefika Kilimahewa. Mtu huyo atakalishwa mbele ya kinasa sauti, atataja jina lake, atasimulia maisha yake kwa saa nzima. Sauti hiyo itakuwa ya kwanza katika faili la mwanafunzi na itahifadhiwa kwenye yale makabati kwa miaka yote ambayo chuo kitakuwepo. Mtu mmoja. Neno mmoja lilipigiwa mstari.

Nuriati alimwendea bibi yake kwanza, msije mkaniambia alikosea. Bibi akakataa. Alisema yeye jina lake limeshafika huko na dole lake limeshafika, awatazame hao waliomtembeza. Akamwendea baba yake. Baba akasema yeye ndiye aliyekuwa kikwazo, na aliyezuia hakai kwenye kiti kile, hata kama amenunua begi.

Wakabaki watatu, na kila mmoja kwanza akawasukumia wenzake. Mwalimu akasema mchukue mjomba wako, ndiye aliyepaona mahali. Mjomba akasema mchukue shangazi, bila nyota ile ningekuwa nimekuonyesha mlango uliofungwa. Shangazi akasema mchukue mwalimu, swali ndilo lililoanza. Walisema kwa moyo safi, nawaapia. Lakini mtu akikaa na jambo siku mbili tatu, lililoko ndani hutoka.

Mwalimu Kisanji alikuwa anastaafu Desemba. Miaka thelathini na moja amewauliza watoto wa watu maswali, na katika wote hao hakuna aliyewahi kurudi kumuuliza yeye lolote. Alimwambia mkewe, na mkewe akamwambia Nuriati, kwamba angependa mara moja tu kuwa upande wa kujibu.

Mjomba Hatibu alichana nywele wiki nzima, na hakuwa mtu wa kitana. Mwishowe alimwambia mpwa wake ukweli: tangu atoke darasa la nne, kila aliposimama mbele ya mtu mwenye kalamu alikuwa anaulizwa anauza nini. Kule Kilimahewa ndiko alikoulizwa jina la babu yake, na alipojibu, mhadhiri aliandika. Alikuwa bado analisikia lile swali.

Na Shangazi Mwasiti alipiga pasi gauni lake la Idi, akalitundika, akalipiga pasi tena. Nuriati alipomuuliza, alimjibu kwamba ameandika maneno ya watu elfu kwa elfu, ya waliosema kweli na waliosema uongo, na katika karatasi zote hizo yeye yumo mwishoni tu, kwenye neno karani.

Siku ya kuripoti ikafika. Baba alibeba begi mpaka stendi kama alivyoahidi, lakini Nuriati hakupanda peke yake. Walipanda wote wanne, kwa sababu hakuna aliyeambiwa abaki na hakuna aliyeambiwa aje. Walifika Kilimahewa asubuhi. Mlinzi akampokea Hatibu kwa jina.

Ndani ya kile chumba cha makabati kulikuwa na kiti kimoja, meza, na kinasa sauti. Nuriati alimwomba mhadhiri awarekodi wote watatu, hata kwa dakika ishirini ishirini. Mhadhiri, mwanamke mpole, aliwatazama wale watu wazima na mavazi yao ya sikukuu, akaona yaliyopo. Alisema hapana, kwa sauti ya taratibu.

"Kila aliyeandika historia alimweka mtu kitini na kumwacha mtu mlangoni," alisema. "Wengi hawajui waliyemwacha. Wewe utamjua. Hilo ndilo somo lako la kwanza, na sitakusaidia."

Akatoka, akawaachia chumba. Mwalimu alikuwa anautazama ukuta. Mjomba alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Shangazi alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua. Hakuna aliyesema nichague mimi, na hakuna aliyesema usinichague. Nuriati akasimama nyuma ya kile kiti, akakivuta kidogo kutoka mezani ili mtu aweze kukaa.

Mimi naishia hapo, kwa sababu hapo ndipo ninaposhindwa. Bila swali la mwalimu, angebaki na orodha yake ya sokoni. Bila miguu ya mjomba, Kilimahewa kingebaki na mistari yake miwili. Bila macho ya shangazi, maombi yake yasingesomwa, na Mwantumu binti Kidee angekufa akiitwa Mama Swalehe. Ondoa mmoja na msichana anasoma sheria.

Wewe unayetikisa kichwa, na wewe uliyekwisha kumnong'oneza mwenzako jibu, semeni sasa tusikie. Ungekuwa Nuriati, mkono uko kwenye kiti, ungemkalisha nani? Ukishamtaja, usikae chini bado. Wageukie wale wawili, uwaambie wewe mwenyewe watoke nje, tena uwaambie kwa majina yao.